Ruwaza ya Wasiorudi

Shefu Népomuscène, bosi wetu, alikuwa na tabia ya kula mishikaki juu ya kibodi yangu. Sisemi karibu na kibodi, nasema juu yake. Alisimama nyuma ya kiti changu, akainama kusoma kioo, na mafuta ya mbuzi yakadondoka katikati ya herufi. Asubuhi nilikuta A na E zimeganda, nikazisugua kwa kitambaa na mate yangu mwenyewe. Siku moja nilimwambia, shefu, tukiendelea hivi mashine itaanza kulia mee. Alicheka sana. Alicheka kila utani wetu katika ile miezi ambayo mshahara ulichelewa.

Mimi ni Yasmina wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, binti wa fundi magari. Vita vilinitoa shule kabla sijajua kuandika Kifaransa kisichochekesha watu. Nikauza maandazi, nikauza kadi za simu, nikafukuzwa kazi mara kadhaa kwa ajili ya mdomo wangu, mwishowe nikaangukia kwenye duka la intaneti ambako Mbelgiji mmoja aliyekuwa akikimbia mabomu alisahau kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Mpaka leo sijui kinaishaje, lakini zile zilizobaki zilinipa kazi Rohero, katikati ya mji, mwaka 2003, katika shirika dogo lililosema linasaidia watu waliokimbia makwao.

Mwenzetu Armel ndiye aliyekuwa akienda kwenye mahema ya waliokimbia vita, Carama na kwingineko. Aliketi juu ya bidoni ya maji iliyopinduliwa, akawauliza watu walikuwa wakiishi wapi na nani amebaki. Watu hawajibu maswali kama hayo kwa nambari. Wanaanza na mvua iliyokuwa ikinyesha, wanapitia kwa jirani aliyewaazima kitenge, wanasahau walikoanzia. Armel hakumkata mtu kauli. Aliandika yote, akarudi biro, yaani ofisini, akayachapa jinsi yalivyosemwa, Kiswahili na Kirundi na Kifaransa ndani ya sentensi moja, kama tunavyoongea. Faili zikajaa. Ila wafadhili hawakutaka hadithi, walitaka jedwali.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kompyuta haijui kusoma, inajua kulinganisha tu. Unaiandikia ruwaza, yaani umbo la maneno unayoyatafuta, nayo inapita juu ya maandishi yote mpaka ikutane na kinachofanana na umbo hilo. Nikiandika avenue\s*(\d+) naiambia: tafuta neno avenue, ruka nafasi kama ipo, na tarakimu zinazofuata zichukue uniletee. Mabano ndiyo mkono unaochukua. Kilicho nje ya mabano mashine inakigusa na kukiacha palepale.

Ruwaza yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Niliweka ndani yake nukta na nyota, maana yake "chochote, kwa wingi wowote", na nyota hiyo ina tabia ya mjomba kwenye harusi, haiachi sahani mpaka ione chini ya sufuria. Ilianza kwenye neno nyumba la ukurasa wa kwanza, ikameza vilio vya kambi nzima, ikatua kwenye nambari ya mwisho kabisa ya faili. Kwa hesabu yake, watu wote wa mahema ya Carama walikuwa wameishi pamoja katika chumba kimoja cha Ngagara. Nikaongeza alama ya kuuliza baada ya nyota, ikajifunza adabu, ikawa inaishia kwenye nambari ya kwanza inayokutana nayo.

Jedwali lilitaka kartie, yaani mtaa, avenue, na nambari ya nyumba. Shefu alisema ni kwa ajili ya mabati, wafadhili watawaezekea watu nyumba zao siku wakirudi. Nilifurahi. Nimekulia chini ya bati linalovuja, naijua bei yake.

Kisha akaja na mshikaki mwingine na ombi jingine. Sasa alitaka nitenge nyumba ambazo wanaume wake wametoweka. Ni rahisi kusema, ila watu wetu hawasemi "ametoweka". Wanasema alitoka kutafuta sabuni. Wanasema aliingizwa kwenye gari la bluu. Wanasema tulimwacha njiani anafunga kiatu, tukageuka. Wanasema bado tunamngoja. Nilisoma kurasa kwa kurasa, nikiokota misemo hiyo mmoja mmoja, nikaipanga ndani ya mabano na kuweka mstari wima kati ya msemo na msemo, ambao mashine huusoma kama "au": alitoka|aliingizwa|tulimwacha|tunamngoja|hakurudi. Kila mmoja ulikuwa umetoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akikwepa neno moja, na mimi nilikuwa nikiwatunga kama samaki wa ndagala kwenye waya. Mchana huo sikula. Nilijiambia ni joto.

Ombi la tatu ndilo lililonifanya nigeuze kiti nimtazame. Alitaka niondoe kwenye jedwali kila mtu ambaye maelezo yake yanataja matanga kumalizwa.

Kwetu, mtu akifa kuna kilio cha kwanza, na baada ya miezi au mwaka familia inaita watu tena, inamaliza matanga. Pombe inaletwa, na mbele ya majirani wote inatangazwa nani anarithi nini. Ukiwa umekaa pale na kunywa, we ni shahidi, upende usipende. Hata sisi Waislamu wa Buyenzi tunaitwa, tunakunywa Fanta, na Fanta yetu inahesabika. Basi mwanamke aliyemaliza matanga ana nyumba inayojulikana ni yake. Aliyepotelewa na mume bila kumzika hana cha kumaliza. Hakuna aliyetangazwa mrithi.

Nikamuuliza shefu, kama ni kuwasaidia wajane kwa mabati, mbona tunawatupa wale ambao wanajulikana ni wajane? Alilamba kidole gumba, akafungua ukurasa kwa kidole hichohicho, akasema hao wameshajipanga, kipaumbele ni wanyonge zaidi. Kauli yake ilikuwa laini kama mafuta yake. Niliandika alichotaka. Mashine ikatema jedwali fupi, safi.

Keshoye mchana aliingia mtu anayeitwa Rénovat, viatu vimechongoka, kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa komisioneri, wale wanaokaa kwenye mabaa ya mjini wakiuza viwanja ambavyo si vyao kwa watu wanaojua kuwa si vyao. Hakunisalimu. Alisimama pale pale shefu anaposimamaga, akaniuliza kama mashine inaweza kuweka juu zile zilizo karibu na lami.

"Kama samaki," akasema. "Kubwa juu, dogodogo chini."

"Yasmina anaweza," shefu akajibu kwa niaba yangu. "Huyu mutoto ni fundi."

Waliendelea kuongea juu ya kichwa changu kama mimi ni feni. Rénovat alikuwa na mtu wake, katika ofisi fulani, wa kutia sahihi karatasi inayosema nyumba haina mwenyewe. Shida yake ilikuwa ni kujua nyumba zipi ambazo hakuna jirani atakayesimama kusema mrithi ni fulani. Alikuwa amezunguka makartie mwaka mzima akinunulia watu bia ili ajue. Sasa imepatikana kwa mchana mmoja, tena bila bia. Shefu akacheka, akanipa mshikaki mmoja kutoka kwenye karatasi yake, akasema na mimi nitapata changu.

Niliushika. Ulikuwa wa moto na mafuta yalinitiririka kwenye kiganja. Nilikwenda msalani nao mkononi, nikatapika chai ya asubuhi na kitu cha njano ambacho sikukijua, nikauacha mshikaki juu ya tangi la maji. Niliporudi shefu aliniuliza kama nina mimba. Nikamwambia ndiyo, ya mbuzi. Wote wawili walicheka mpaka Rénovat akadondosha kijiti chake cha meno kwenye kibodi, akakiokota, akakirudisha mdomoni.

Walipotoka niliifuta ruwaza. Ilikuwa kazi bure, shefu alikuwa na disketi mfukoni. Nikalitazama lile jedwali kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama fundi. Mstari wa juu kabisa ulisema Mutakura, avenue 9, nambari 31, hakurudi. Nikafungua faili ulimotoka mstari huo, nikasoma jina la aliyeongea. Concilie. Alikuwa kwenye korido wakati huo huo, nilisikia ndoo yake.

Mama Concilie alikuwa akipiga deki biro letu. Wote tulijua analala kwenye hema Carama na binti yake Bella, na kwamba zamani alikuwa na nyumba mahali. Hakuna aliyemuuliza zaidi, siku hizo hatukuulizana. Nilisoma maneno yake yote kabla ya kutoka kwenda kwake. Mumewe Adolphe alikuwa seremala. Mwaka 1995, asubuhi ambayo mitaa ya juu ilikuwa kimya kupita kiasi, alipanda baiskeli kwenda kutafuta bawaba za mlango aliokuwa akiutengeneza. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifikia kona, ili mkewe aweke chakula mezani kabla hajaingia. Concilie alimwambia Armel kwamba hata sasa, ndani ya hema, akisikia mluzi, mkono wake unakwenda kwenye sufuria wenyewe.

Nilimweleza kila kitu pale pale kwenye korido, sauti ya chini. Nilitegemea alie, au amtukane Népomuscène. Alisimamisha ufagio wake wa deki, akaniuliza mashine imechukua nini katika yale aliyosema. Nikamtajia: kartie, avenue, nambari, hakurudi.

"Na ule mluzi?"

Nikasema apana.

"Na mambo ya bawaba?"

Nikatikisa kichwa.

"Mulininyonyoa kama kuku," akasema. "Nyama mukatupa, mukabakisha manyoya."

Nikamwambia dawa iko moja. Amalize matanga ya Adolphe, ndani ya nyumba yenyewe, mbele ya watu wa Mutakura, atangazwe. Nyumba iliyotangazwa haina faida kwa Rénovat, anataka zile zisizo na kelele. Nilimwambia pia kwamba nimemsikia akisema Jumamosi atamleta mnunuzi kuiona.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kilichokwama chini ya kiatu.

"Unataka nimuue," akasema. "Miaka yote hii watu walishindwa, sasa unataka mi mwenyewe nimuue."

Kuanzia hapo akawa anapiga deki kuzunguka miguu yangu kama watu wanavyozunguka matapishi. Nilimpa Armel jedwali, alikuwa amekwishaanza kuvaa kofia kabla sijamaliza kueleza. Alirudi kwenye mahema, safari hii si kuuliza, akawatafuta wote waliotajwa ili awaonye. Wengine walimfukuza, wakasema ni mtego. Wengine walikuwa wamekwishahamia Tanzania. Shefu aliniuliza mbona sichekeshi siku hizi, nikamwambia tumbo. Akanishauri nilizoeshe tumbo langu mambo ya maendeleo.

Alhamisi, Concilie aliweka ndoo chini mbele ya meza yangu akaniuliza kama najua kufagia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Mutakura. Mlango ulikuwa umeondoka na fremu yake. Upande mmoja wa paa ulikuwa hauna bati, na chumba cha kukaa kilikuwa kimegeuzwa choo na watu wa miaka mingi, kavu juu ya bichi, bichi juu ya kavu. Tulijifunga vitambaa puani, Concilie, Bella na mimi, tukakwangua mavi ya watu tusiowajua kwa majembe ya kuazima. Concilie hakukunja uso. Alikwangua kona zote, akamwaga maji, akanusa, akamwaga tena. Mimi nilitoka nje mara nyingi. Jirani mmoja alitupitishia maji juu ya ukuta bila kujionyesha, mkono tu.

Alasiri majirani walioalikwa walianza kuja. Nilijua wengine wangeona haya, na waliona, lakini walikuja. Mzee mmoja aliyevaa koti la harusi alileta viti kutoka kwake, na Concilie alipovipokea nikaona kidole chake kikipita chini ya kiti kutafuta alama ya kuchonga, na kikaipata. Vilikuwa kazi ya Adolphe, vilivyotoka ndani ya nyumba hii hii. Alivipanga vizuri kwenye mstari, akamkaribisha mzee akalie kimojawapo. Jikoni kwa jirani wa kushoto niliyaona mabati yaliyokuwa ya rangi moja na yaliyobaki juu yetu. Mama wa jiko hilo ndiye aliyechangia pombe nyingi kuliko wote. Kinyaa kilinipanda tena, nikakimeza. Bila hao hatukuwa na shahidi.

Kwa kawaida mwanamume wa ukoo ndiye huongea. Hakukuwa na mwanamume wa ukoo. Mzee wa koti akasimama, akajitolea kusema kwa niaba ya mjane, na Concilie akamwomba, kwa heshima zote, akae. Alisimama mwenyewe mbele ya mahali palipokuwa na mlango.

Hapo ndipo Rénovat alipoingia na mnunuzi wake, mtu mnene mwenye simu mbili. Waliona watu wamejaa, wakasita. Lakini kwenye shughuli kama ile anayefika hafukuzwi wala haulizwi, na kabla hawajageuka Bella alikuwa amewasukumia viti na chupa mkononi kwa kila mmoja. Rénovat alinitambua. Aliniinulia chupa kama tunajuana vizuri, akanywa. Mnunuzi naye akanywa. Jua lilikuwa limewachoma njiani.

Concilie alisubiri wameze. Kisha akaongea kwa Kirundi, na baadaye akarudia kwa Kiswahili ili sisi wa Buyenzi tusiseme hatukusikia. Alisema anawashukuru waliokuja. Alisema Adolphe hakumwachia deni la mtu, na kama kuna anayemdai aseme leo. Hakuna aliyesema. Alisema nyumba hii sasa ni ya Bella, na yeye mama yake anaishi ndani yake. Watu wakaitika.

Kulikuwa na neno bado. Bila hilo, yale mengine yalikuwa hewa, na kila mtu pale alilijua, hata mtu wa simu mbili. Midomo ya Concilie ilifunguka ikafungwa. Niliona mkono wake wa kulia ukisogea pembeni ya nguo, vidole vikitafuta mshikio wa sufuria ambayo haikuwepo.

"Adolphe alikufa," akasema.

Mzee wa koti akaitika, wote wakaitika baada yake, chupa zikainuliwa. Mnunuzi aliweka yake chini polepole, akamnong'oneza Rénovat kitu, akaenda zake bila kuaga. Nilidhani Rénovat atamfuata. Apana. Alimaliza bia yake yote, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akasogeza kiti mpaka karibu na Concilie. Nilisikia kila neno, nilikuwa nyuma yao na Fanta yangu. Alimpa pole. Alisema amefanya vizuri sana, sasa mambo yake yamenyooka kisheria, na kama angependa kuuza, yeye anao watu wenye pesa mkononi, na atachukua asilimia ndogo tu kwa sababu ameshiriki msiba.

Nimekulia kwenye gereji, nimesikia na kunusa mengi, ila hapo niliikamata chupa yangu shingoni, tayari kuirusha.

Concilie alimwangalia bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha dukani.

"Umekunywa," akamwambia. "We ni shahidi. Siku mutu akikuuliza hii nyumba ni ya nani, utajibu."

Rénovat alitabasamu, akasema bila shaka, mama, na akaondoka akitafuta kijiti cha meno mfukoni.

Majirani nao walianza kukusanya chupa, kwa sababu saa ya watu kuwa ndani ilikuwa inakaribia na wanajeshi wa njia panda hawakuwa na mzaha. Mzee wa koti aliuliza kwa sauti ndogo kama arudi na viti vyake au aviache. Concilie alikuwa ameketi kwenye saruji iliyolowa, miguu imenyooka mbele, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayemaliza matanga. Ilikuwa ya mwanamke aliyeletewa habari sasa hivi, mlangoni, na mtu mwenye vumbi. Bella aliikimbilia sauti hiyo akasimama katikati ya njia, kwa sababu hakuwahi kuisikia.

Yule mama wa mabati ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alishusha kreti yake, akakaa chini kwenye maji kando ya Concilie, akamshika begani. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakarudisha viti walivyokuwa wameshavibeba mikononi, wakakaa, na ule mchana wa kumaliza matanga ukaanza kuwa kilio.

Sikumpenda yule mama hata hapo. Nilisogea tu, nikampa nafasi.